Kwenye Beseni Hakuna Namba

Kila asubuhi ya shule, Odessa Broussard alitangulia kushuka ngazi kabla ya baba yake. Zamani alikuwa akishuka mbio. Lakini kwa wiki mbili sasa alikuwa akishuka polepole, mkono ukutani, na akifika chini anasimama kidogo, anajinyoosha, kisha anaingia jikoni akitembea kama mtu asiye na tatizo lolote. Mguu wake wa kulia ulikuwa unauma kwenye mfupa wa mbele, kati ya goti na kifundo. Hakuwa amemwambia mtu. Jumamosi shule yao ingecheza fainali ya wilaya ya mpira wa kikapu, na Odessa alikuwa miongoni mwa watano wa kwanza.

Nyuma yake alifuata baba yake, Thaddeus. Yeye alishuka upande upande, kama kaa, ameshika reli kwa mikono miwili. Alikuwa jitu la mtu, na ngazi zilimlalamikia.

Mama, Yvette, alikuwa anakaanga mayai. Hata hakugeuka.

"Nyumba hii ina watu wawili wanaochechemea," alisema, "na ukiwauliza, wote wako sawa."

"Nani anachechemea?" Thaddeus aliuliza.

"Sijasema kitu. Nilikuwa naongea na mayai."

Thaddeus alicheza mpira wa Kimarekani, ule wa kugongana na kofia ngumu, katika timu ya Wahunzi wa mji wa Erie. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya mrushaji wao wa mpira na kuwazuia watu wenye uzito wa ndama wasimfikie. Aliifanya kwa miaka kumi na moja. Ukiifanya kazi hiyo vizuri hakuna anayekuona. Ukikosea mara moja, mji mzima unakujua jina.

Redio ilikuwa inaongea juu ya friji. Nje theluji ya Machi ilikuwa bado imejaa uani, na msimu wa mpira ulikuwa umekwisha tangu Januari, lakini Erie watu hawapumziki. Msikilizaji mmoja alikuwa amepiga simu.

"Hatuna mtu wa kumkimbiza mrushaji wa wenzetu," alifoka. "Mabeki wa pembeni wamezeeka. Na dari ndiyo hii, inatugusa utosi! Mkateni Broussard. Kwa zile dola milioni sita anazolipwa unapata kijana mwenye magoti mapya!"

"Magoti mapya yanauzwa duka gani, Stan?" mtangazaji aliuliza huku akicheka.

Yvette aliizima redio.

Dari ndilo jina walilokipa kile kiwango kilichowekwa na ligi: ukijumlisha mishahara ya wachezaji wote wa timu, isipite hapo. Timu ikishagusa dari, haiwezi kumleta mtu mpya mpaka imtoe mwingine. Ndiyo maana kila Machi Erie nzima hugeuka mhasibu. Kinyozi anakata nywele huku anakata wachezaji.

"Watakukata, Baba?" Odessa aliuliza.

"Kula mayai yako."

Shuleni, Greta Nowicki alikuwa anamsubiri mlangoni. Greta alikuwa rafiki yake wa karibu na nahodha wa timu, na Stan wa redioni alikuwa mjomba wake.

"Umemsikia mjomba wangu?" Greta aliuliza, macho yakimng'aa.

"Nimemsikia. Amemuuza baba yangu mnadani."

"Si yeye, ni dari! Mjomba anampenda baba yako. Ana fulana yake."

"Basi aivue."

Walicheka wote wawili, lakini Odessa alicheka kidogo kuliko mwenzake.

Mazoezini, kila aliporuka na kutua, mguu ulimchoma kama umepigwa nyundo. Mwalimu Kessler, kocha wao, alipuliza filimbi.

"Dessa! Mbona unakanyaga kama kuku aliyenyeshewa? Uko sawa?"

"Niko sawa, Kocha."

Greta alimsogelea. "Kaza, mwenzangu. Ukikaa nje Jumamosi, tumekwisha."

Odessa alikaza. Nyumbani kwao kukaza ndiyo ilikuwa dini. Thaddeus alimfundisha tangu mdogo usemi ambao wachezaji huambiana. Pale klabuni kuna beseni kubwa la barafu ambamo walioumia hukaa kujitibu. Kocha akipita akakukuta humo kila siku, anaanza kumtafuta mtu wa kukaa mahali pako. Kwa hiyo wanasema: kwenye beseni hakuna namba. Thaddeus aliusema usemi huo mezani, garini, hata Odessa alipokuwa na homa. Mtoto aliushika kama sala.

Siku iliyofuata, Odessa alimkuta baba yake jikoni. Amekaa, amenyoosha mguu juu ya kiti, anabana mfuko wa barafu kwenye goti kwa mikono miwili. Simu ilikuwa mezani, sauti ameifungua, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Odessa alisimama mlangoni na mkoba mgongoni.

"Thad, hapa Halvorsen," simu ilisema. Huyo ndiye aliyepanga nani aingie na nani atoke kwenye kikosi cha Wahunzi. "Si habari ninayopenda kuitoa hii."

"Itoe tu."

"Tunakuacha. Ni dari, si wewe. Wote hapa wanajua wewe ni baba wa kikosi hiki."

"Baba hafukuzwi nyumbani, Halvorsen."

"Thad, tafadhali..."

"Nimekusikia. Asante."

Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wahenga. Thaddeus hakusubiri kifo. Aliumbuliwa na simu.

Haikupita muda ikalia tena. Safari hii alikuwa Pruitt, wakala wake, mzee mwenye sauti ya kikohozi.

"Nimeshaambiwa," Pruitt alisema. "Sasa niambie ukweli, ndugu yangu. Goti hilo vipi?"

"Limekwisha. Tangu Novemba. Linataka kupasuliwa."

"Januari, mlipopimwa kufunga msimu, daktari wa timu alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

Thaddeus aliitazama barafu. "Nikamwambia niko sawa."

Pruitt alipumua kwa nguvu.

"Mungu wangu, Thad. Mtu aliyeumia kazini hawamkati hivihivi. Wanamtibu, na wanamlipa wakati anatibiwa. Hiyo ndiyo kinga pekee mliyo nayo nyinyi watu. Wewe umeivua na kuwakabidhi. Kwao umetoka mzima kabisa, umesema kwa mdomo wako mwenyewe. Na muda wa kulalamika umeshapita."

"Nilitaka namba ya msimu ujao."

"Najua ulichotaka. Na wao walijua."

Simu ikakatika. Sitawadanganya kwamba nyumba ile ilikuwa na njaa. Thaddeus alikuwa amelipwa vizuri miaka mingi, na friji ilijaa. Lakini kuna uchungu usiohusu tumbo. Mtu amewapa watu goti lake, halafu amewasaidia kulitupa.

"Baba," Odessa alisema. "Kwa nini hukusema?"

Thaddeus alishtuka. Hakujua kama yupo pale.

"Kwa sababu kwenye beseni hakuna namba."

"Na sasa namba iko wapi?"

"Nenda ukafanye kazi zako za shule!"

Odessa akageuka, akaanza kupanda ngazi. Kwa hasira alisahau kujificha. Alichechemea waziwazi, ngazi kwa ngazi, na baba yake akamwona.

"Dessa. Mguu huo una nini?"

"Niko sawa, Baba," alijibu bila kugeuka.

Thaddeus aliurudisha mfuko wa barafu kwenye goti. Angeanzia wapi?

Jumamosi ikafika. Ukumbi wa shule ulijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wasichana walikaa kwenye mabenchi, na Mwalimu Kessler akauliza swali aliloliuliza kabla ya kila mchezo.

"Kuna anayeumwa? Aseme sasa, asije kuniambia uwanjani."

"Greta anaumwa kichwa," mmoja alisema. "Tangu azaliwe." Wakacheka.

Odessa hakucheka. Asubuhi ile alikuwa ameshindwa kuvaa kiatu bila kuuma meno. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Alijua akisema watamchukia, na akinyamaza watampenda mpaka mguu utakapokataa. Masikioni alimsikia yule mzee wa kikohozi: umesema kwa mdomo wako mwenyewe.

"Mimi, Kocha," alisema. "Mguu wa kulia. Una wiki mbili na zaidi."

Mwalimu Kessler alipiga goti, akaubonyeza mfupa kwa kidole gumba, na Odessa akaruka na kupiga ukelele.

"Wiki mbili!" mwalimu alisema. "Nimekuuliza kila siku, mtoto wewe."

"Leo?" Greta alifoka. "Siku zote hizo umekaa kimya, umechagua leo?"

"Greta, inatosha," mwalimu alisema.

Odessa alikaa benchi na nguo zake za nyumbani. Aliyechukua nafasi yake alijitahidi, lakini alikuwa mfupi na mwoga wa mpira. Walifungwa. Wakati wa kutoka, Greta alipita mbele yake akiwa na macho mekundu.

"Broussard mwingine amekatwa," alisema, akaenda zake.

Neno hilo lilimuuma Odessa kuliko mfupa.

Jioni ile ile wazazi walimpeleka hospitali. Daktari, mama mmoja mwenye nywele nyeupe, aliitundika picha ya mguu kwenye taa na kuwaonyesha mstari mwembamba kama unywele.

"Huu ni ufa," alisema. "Bado mdogo. Ukipumzika utaunga wenyewe, na utacheza tena. Lakini kama ungecheza leo, nadhani ungeletwa hapa kwa machela, na ningekuwa naongea maneno mengine. Nani alimsimamisha?"

"Amejisimamisha mwenyewe," Yvette alisema.

Daktari alimtazama Odessa. "Basi una akili kuliko wagonjwa wangu wengi wakubwa."

Thaddeus alijitia kuisoma picha.

Yvette alipokwenda kufuata magongo, baba na binti walibaki wamekaa kwenye viti vya korido. Kwenye televisheni ya ukutani Wahunzi walikuwa wanamtangaza kijana mpya, mkimbizaji wa warushaji, mabega mapana, meno meupe. Alikuwa ameshika fulana yenye jina lake na anacheka. Mhudumu mmoja aliyekuwa akisukuma kitanda alisimama kutazama.

"Hapo sasa!" alisema. "Mwaka huu tutawaua!" Akaendelea na safari yake. Hakumtambua mtu aliyekaa pale chini ya televisheni.

"Unawachukia, Baba?" Odessa aliuliza.

"Nawachukia kidogo. Hiyo itapita." Aliinua macho kwenye televisheni. "Yule kijana hana kosa. Hata Halvorsen anafanya kazi yake, anahesabu. Mimi ndiye niliyempa hesabu ya uongo. Mwezi ujao nitapasuliwa goti kwa pesa yangu, na kucheza ndio basi."

"Greta hatanisemesha tena."

"Huenda. Hilo siwezi kukurekebishia." Alimgeukia. Alisema taratibu, kama mtu anayebeba kitu kizito. "Juzi nilikuona kwenye ngazi, nikanyamaza. Nilikuwa naona haya, kwa sababu uongo ule niliufundisha mimi. Nilikuambia kuficha maumivu ni ushujaa. Si ushujaa. Mtu anayeficha maumivu anadanganya kama anayeiba anavyodanganya, tofauti ni kwamba anajiibia mwenyewe. Leo umesema ukweli ukapoteza fainali na rafiki. Ndiyo, ukweli una gharama, na usimwamini mtu anayekuambia hauna. Lakini umeondoka na mguu wako."

Odessa aliegemea mkono mkubwa wa baba yake, akalia kidogo. Thaddeus alimwacha alie.

"Fanya kazi kwa bidii, mwanangu," alisema mwishoni. "Chezea timu yako kwa moyo wote. Ila atakayekuuliza kama unaumwa, mpe ukweli, hata kama hapendi kuusikia. Watakushangilia ukiwa mzima, wote. Mguu ukishavunjika, hakuna hata mmoja atakayekuazima wa kwake."