Aliyepandia Glenroy

Ijumaa yenye mechi, stesheni ya Flinders hujaa skafu za rangi za timu, na mtu anayetaka kwenda nyumbani tu hana budi kutumia viwiko. Sevil Aydemir alikuwa akivitumia vyake barabara, koti lake la kijani limefungwa hadi kidevuni na nywele zimebanwa kwa kalamu ya maabara, mwanamume mmoja alipomsimamisha mlangoni mwa treni.

"Samahani dada, hii inapita stesheni ya Parliament?"

"Saa hizi saa ngapi?"

"Kumi na nusu. Kwani vipi?"

"Basi inapita."

"Na ingekuwa asubuhi?"

"Isingepita. Treni za kaskazini huzunguka chini ya mji upande mmoja asubuhi, mchana zinageuza. Zenu za mashariki nazo hugeuza, ila kinyume cha zetu."

"Zenu? Umejuaje mimi ni wa mashariki?"

"Mtu wa kaskazini hawezi kuuliza swali hilo. Ingia, mlango unafungwa."

Aliingia. Alikuwa amevaa sweta ya njano iliyotoboka kiwiko, na mkononi alishika begi refu la ngozi lililogongagonga kama lina vijiko. Jina lake Anselm Teoh. Wazazi wake walitoka Malaysia, yeye akazaliwa na kukulia Blackburn, upande wa mashariki wa Melbourne, na kazi yake ilikuwa kutengeneza piano na kuzisawazisha sauti. Kwa umri wake wote hakuwahi kupanda treni ya kaskazini.

"Hata mara moja?" Sevil aliuliza.

"Nije kufanya nini huku? Mnakula watu?"

"Siku za Ijumaa tu."

Anselm alikuwa anakwenda Moonee Ponds kwenye piano ya kanisa, na aliambiwa apande treni inayopita Parliament. Moonee Ponds ilipita, na Essendon nayo, yeye bado anasimulia jinsi panya alivyozalia ndani ya piano ya mwalimu mmoja. Waliposhuka Glenroy, anakoishi Sevil na mama yake, Sevil akamwambia, "Kituo chako kimepita zamani."

"Najua," alisema Anselm. "Nilikiona kikipita."

Walipendana mwaka mzima namna hiyo, kwa treni. Jumamosi Anselm alivuka mji kwenda kaskazini kula pai za jibini na mchicha za mama Sevil. Jumapili Sevil alivuka kwenda mashariki, na Anselm akampigia piano za watu, zile zilizokuwa zikingoja kurudishwa kwa wenyewe. Kila safari ilimaliza saa moja na nusu ikiwa mambo ni mazuri. Mwishowe walianza kuzungumza habari za nyumba moja, na hapo ndipo shida ilipojitokeza.

Sevil aliiweka mezani kama anavyoweka sampuli za damu kazini. Walikuwa wamekaa kwenye mkahawa mdogo nyuma ya Flinders, ramani ya reli imefunguliwa kwenye simu yake katikati ya vikombe viwili vya kahawa.

"Maabara yangu iko Broadmeadows," alisema. "Karakana yako iko Blackburn, nyuma ya nyumba ya wazazi wako, na piano hazibebeki. Tukikaa kwetu, wewe utavuka mji kila siku. Tukikaa kwenu, nitavuka mimi. Tukikaa katikati, kodi itatumaliza. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitavuka mimi."

"Usiseme hivyo."

"Nitaweza, mpenzi."

Sevil aliizima simu. "Baba yangu alifanya kazi Dandenong, ng'ambo kabisa ya mji. Kila jioni mama alimwuliza, utaweza? Naye akajibu, nitaweza. Kisha akapanga chumba kule, eti cha siku za zamu za usiku. Kisha zamu zote zikawa za usiku. Nilikuwa darasa la tatu. Usiniletee nitaweza, Anselm. Niletee jambo ninaloweza kulipima."

Anselm alikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. Sevil alihesabu kwamba kukoroga kule ndilo jibu, na hakulipenda jibu lenyewe.

Baada ya siku ile, mambo yakaanza kwenda kombo kwa namna asiyoielewa. Anselm alipiga simu kila jioni kama kawaida, lakini maongezi yalikuwa mafupi, na mara mbili alisinzia Sevil akiwa katikati ya sentensi. Jumamosi alikuja na macho mekundu. Shati lake lilinukia sabuni ya lavenda. Yeye Anselm hunawa kwa kipande chochote cha sabuni ya kufulia anachokikuta.

"Umebadilisha sabuni?"

"Mimi? Aa, ndiyo. Hapana. Ni ya... niliikuta mahali."

"Mahali gani?"

"Bafuni," alisema, akajaza mdomo pai.

Mama yake Sevil ndiye aliyeongeza la pili. Alikuwa na desturi ya kwenda kununua mkate alfajiri, na mkate wenyewe uliuzwa karibu na stesheni.

"Mwanangu, yule kijana wako alilala hapa jana?"

"Mama! Alale hapa wapi?"

"Mimi nauliza tu. Leo nimemwona kituoni, saa kumi na mbili na nusu, anapanda treni ya mjini. Amevaa ile sweta yake ya njano. Amekonda."

"Umemfananisha."

"Sweta yenye tundu kwenye kiwiko, na lile begi la vijiko? Nimfananishe na nani?"

Sevil hakuwa mtu wa kulia kwa jambo lisilothibitishwa. Kesho yake, saa moja kasoro, alimpigia simu.

"Habari za asubuhi, mpenzi. Uko wapi?"

"Niko... nyumbani. Blackburn. Nafungua karakana."

"Umelala vizuri?"

"Kama gogo. Wewe je?"

Nyuma ya sauti yake ilisikika sauti nyingine, ya kike, tulivu, ile ile ambayo Sevil ameisikia maisha yake yote: kituo kinachofuata ni Moonee Ponds.

Alikata simu. Akakaa kitandani, akayapanga mambo. Alfajiri Anselm anapandia treni Glenroy. Anasema yuko Blackburn. Ananukia sabuni ya mtu mwingine. Maabarani, mambo matatu yakielekea upande mmoja, huandikwa jina la ugonjwa. Hapa jina lilikuwa rahisi: analala Glenroy, na si kwa Sevil. Kilichomvuruga ni kwamba picha haikukaa sawa. Mwanamume anayetaka mwanamke wa pili humtafuta mbali na wa kwanza. Nani anavuka Melbourne nzima ili amdanganye mtu mtaani kwake mwenyewe?

Mchana Anselm alipiga.

"Simu ilikatika asubuhi."

"Haikukatika. Niliikata."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Sijui, Sevil. Kusema kweli siku hizi kichwa changu hakijui hata leo ni siku gani. Nimekosa nini?"

"Unaweza kuniambia jana ulilala wapi?"

"Nipe hadi Ijumaa. Ijumaa nitakwambia kila kitu."

"Ijumaa hiyo mpe huyo mwenye sabuni," alisema Sevil. "Mimi usinipigie."

"Sabuni? Sabuni gani? Sevil, ni ile habari ya kuhama? Umeghairi?"

"Mimi nimeghairi? Mimi!"

Hakupiga tena siku ile. Sevil alishangaa jinsi utiifu huo ulivyomuudhi kuliko ambavyo ukaidi ungemuudhi.

Alhamisi aliomba ruhusa ya kutoka mapema. Alipanga safari yake kwa uangalifu uleule aliotumia kumpangia Anselm hesabu kwenye mkahawa. Jioni treni za kaskazini hutoka Flinders na kupita Parliament. Anselm hufunga karakana saa kumi na moja. Na hupenda behewa la mwisho kwa sababu ya nafasi ya begi. Alisimama Parliament, chini kabisa ya ardhi, upepo wa treni ukimpuliza koti. Aliziacha treni mbili zipite. Ya tatu, kupitia dirisha la behewa la mwisho, aliona rangi ya njano.

Alikuwa amelala. Si kusinzia, kulala hasa, shavu limebandikwa kwenye kioo, mdomo wazi, begi amelikumbatia kama mto. Sevil alikaa kiti cha nyuma yake. Mpango ulikuwa mmoja: Anselm atashuka Glenroy, yeye atamfuata, ataona mlango anaoingia, basi.

Essendon wakashuka wanafunzi. Pascoe Vale akapanda bwana na baiskeli. Kisha ikaja Glenroy, milango ikafunguka, na Sevil akainuka nusu. Anselm hakutikisika. Angemgusa bega, mtu yule angeruka na kushuka, na ukweli ungejulikana kwa dakika chache. Mkono wake ulikwisha kunyooka. Akauangalia uso ule kiooni: chini ya macho palikuwa peusi, na ndevu zimeota vipande vipande, kama za mtu anayenyolea gizani. Uso wa mtu anayekwenda kwa mpenzi hauwi hivi. Milango ikafungwa. Akakaa.

Broadmeadows ikapita, na maabara yake. Nyumba zikapungua, nyasi kavu zikaanza. Sevil hakujua tena anamfuata mtu kwenda wapi, wala kama ndiye anayefuata.

Craigieburn ndiko reli inakoishia kwa treni za mji. Watu wote walishuka. Anselm alizinduka, akajifuta mate, akamwona.

"Sevil? Hapa Glenroy?"

"Craigieburn."

"Tena!" alisema, akajishika kichwa.

"Tena mara ya ngapi?"

"Ya nne. Ngoja. Wewe unafanya nini hapa?"

"Glenroy anakungoja nani, Anselm?"

"Bi Ferrante."

"Jina lake la kwanza?"

"Sijathubutu kumuuliza. Ana miaka themanini na sita." Aliuona uso wa Sevil, na ukweli ukaanza kumwingia akilini polepole, kama mtu anayesoma kibao kwa mbali. "Sabuni! Sevil! Ulidhani mimi na Bi Ferrante..."

"Sikumjua Bi Ferrante! Nilijua tu unapandia Glenroy na kuniambia uko Blackburn!"

"Amenipa chumba cha nyuma, mimi namtengenezea piano yake. Kwa wiki mbili tu. Ulisema nikuletee jambo la kupimika. Nikasema basi, nitaishi kama mtu aliyehamia kwenu, niende kazini na kurudi, kila siku, halafu nikuletee matokeo. Ningekwambia mapema ungenipikia, ungenionea huruma, kipimo kingeharibika. Wewe mwenyewe ungesema hivyo."

Ni kweli, angesema hivyo. Sevil alikaa kwenye kiti cha mbele yake. Dereva alipita kandokando ya treni kwenda upande wa pili, kwa kuwa treni ingerudi mjini baada ya muda mfupi.

"Na matokeo?"

"Asubuhi inaniua. Natoka gizani, na Blackburn nafika karibu saa mbili na nusu."

"Saa mbili na nusu? Haiwezekani. Unabadilishia treni wapi?"

"Parliament."

"Asubuhi?"

"Ndiyo. Maisha yangu yote nimepandia Parliament kurudi kwetu."

"Jioni! Umepandia jioni! Asubuhi treni zenu Parliament zinaingia mjini, hazitoki. Unashuka kituo kimoja kabla ya Flinders, unapanda treni inayozunguka mji mzima chini kwa chini, inakuleta Flinders palepale!"

Anselm alitazama dari ya behewa. "Nilijiuliza mbona stesheni ni zile zile."

Alicheka yeye kwanza, kisha Sevil, hadi machozi yakamtoka na akashindwa kujua ni ya nini. Halafu kicheko kilikwisha, na swali likabaki palepale lilipokuwa.

"Kwa hiyo kipimo kilikuwa na kosa," alisema Sevil taratibu. "Ukibadilishia Flinders, utapunguza karibu nusu saa. Sasa unasemaje?"

Alingoja. Aliona jinsi neno lile, nitaweza, lilivyokuwa karibu, rahisi, na kwamba sasa lilikuwa na hesabu za kuliunga mkono. Baba yake angelisema bila hata kuinua macho kwenye sahani. Anselm alifikiri kwa muda mrefu, midomo ikihesabu vituo.

"Hapana," alisema. "Hata hivyo siwezi. Mwezi wa kwanza ningeweza. Mwaka wa pili ningekuwa nakuchukia, na nisingekwambia. Samahani, mpenzi. Nilitaka sana yawe matokeo mengine."

Treni ilitetemeka, taa zikazimika na kuwaka. Sevil hakusikia uchungu alioutarajia. Alisikia kitu kama sakafu chini ya miguu.

"Nioe," alisema.

"Nini?"

"Nimesema wazi."

"Lakini nimeshindwa! Tutakaa wapi?"

"Sijui. Tutapata mahali pabaya kwa wote wawili, penye chumba kimoja na mlango wa jirani pua na pua. Au nitahama maabara. Hilo tutalipanga. Jambo moja nilikuwa sijalipata, mtu wa kuniambia siwezi, nalo nimelipata sasa hivi."

Simu yake ikalia. Alikuwa mama yake.

"Uko wapi wewe? Chakula kinapoa."

"Craigieburn, mama."

"Craigieburn! Unatafuta nini mwisho wa reli?"

"Naposa."

Upande wa pili ilisikika sufuria ikichemka.

"Unamposa yule aliyekonda?"

"Huyo huyo."

"Amekubali?"

"Bado ameduwaa, hajajibu."

"Hebu mpe simu."

Anselm aliipokea kwa mikono miwili. Alisimama katikati ya behewa tupu, akajikung'uta sweta, akaweka kiganja juu ya tundu la kiwiko kana kwamba mama yule anaweza kuliona.

"Shikamoo mama," alisema. "Ndiyo, mama. Ndiyo. Hapana, sijala tangu asubuhi." Alisikiliza, akimtazama Sevil. "La kwanza ulilouliza? Nalo pia jibu ni ndiyo."