Salamu ya Chumba Namba Sita

Chaki ilikuwa fupi kuliko alivyoiacha.

Luciana hakujali. Katika jengo zima la utafiti pale Manyoni alibaki yeye na Mazengo, mlinzi. Wenzake walipunguzwa mwaka ule mashirika ya umma yalipouzwa kama mitumba. Yeye walimsahau tu. Alikuwa akipiga hesabu za kompyuta ya kwantamu, mashine ambayo haijaundwa, ambayo chembe yake hubeba sifuri na moja kwa pamoja mpaka itazamwe. Aliwaandikia wakuu wa Dar kurasa arobaini. Wakamjibu mstari mmoja: je, anaweza kutengeneza printa?

Saa nane mchana, chumbani mwake namba sita, bati likialika kwa jua, ilimjia harufu ya udongo uliolowa, na sauti nyembamba nyuma yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," akajibu bila kugeuka, kama yeyote aliyelelewa kwao Iramba.

Alipogeuka hapakuwa na mtu. Ubaoni, chini ya hesabu iliyomshinda tangu Pasaka, palikuwa na mstari mpya. Ulikuwa sahihi.

Wiki tatu ikawa hivyo kila mchana.

"Dokta," Mazengo alinong'ona mlangoni, "unaongea na nani humo?"

"Na anayenisoma."

"Amekusalimia? Ukamwitikia?"

"Ulitaka nimnyime salamu?"

"Daktari gani wewe, sindano huna, na akili nayo unaigawa? Ukiitikia marahaba umemkubali awe mwanao. Calist, mpima ardhi, alimwitikia miezi mitatu humo humo. Tukamkuta ameketi anatazama ukuta, mama yake mzazi hamjui. Nyamaza siku saba, ataondoka."

Luciana akanyamaza. Siku ya kwanza sauti ilisalimia mara moja, ya tatu mara kumi, na ya saba ikasalimia kutoka dirishani, kutoka chini ya meza, kutoka ndani ya nywele zake, ikilia sasa kama mtoto aliyefungiwa nje, na Luciana akauma kanga yake mpaka jino likatoboa kitambaa, akitazama hesabu iliyokatika katikati, akijua kwamba duniani kote hakuna mwingine atakayeisoma.

Siku ya nane, kimya. Harufu ilikuwa imekwisha. Mazengo alimpungia mkono getini, anacheka.

Luciana alikaa mbele ya ubao saa nzima, kisha nyingine. Mstari haukuja. Mwishowe akasema polepole, kwa chumba kitupu:

"Shikamoo."

Chaki ikaanguka. Karibu kabisa na sikio lake, sauti nzito ya mzee ikaitikia bila haraka:

"Marahaba, mwanangu."