Taya la Mazinde

Saa 2:10 asubuhi. Handeni, nyuma ya mashine ya kusaga.

Sadala aliweka jino juu ya gunia la pumba. "Fundi, sema."

Lukasi alikuwa fundi wa meno ya bandia Korogwe. Zamani aliwasafishia watafiti visukuku, mifupa ya kale iliyogeuka jiwe. Akaligeuza jino. Nene. Limepinda. Makali mawili, mbele na nyuma. Shina limevimba kama kitunguu.

"La mjusi wa baharini. La kweli."

"Na taya zima?"

Raheli, dada yake Lukasi, alikuwa amesimama kando; yeye, mpishi wa nyumba moja ya Mazinde lilimokuwa taya, ndiye aliyeiba jino hilo liwe sampuli. Lukasi akamtazama kwanza. Jino moja haliwezi kusema habari za taya zima. Alilijua hilo.

"La kweli," akasema.

"Saa saba mwenye nyumba yuko msikitini. Mlinzi ni kizee, tunamfunga, tunabeba taya. Saa tisa na nusu mteja yuko Segera. Likiwa feki, Raheli ametuchoma. Atalala kwenye mkonge."

"Likizo hii chai yako napika mimi, Sadala," Raheli akasema. "Ningetaka kukumaliza, ungekuwa marehemu tangu Jumatatu."

Sadala akacheka peke yake.

Saa 7:05 mchana. Mazinde.

Mlinzi, Mzee Mdoe, alifungua geti kwa sababu alimwona Raheli.

"Shikamoo mzee," Lukasi akajikuta anasema.

"Marahaba, mwanangu."

Sadala hakumfunga. Alimpiga nondo, mara moja. Mzee alikaa chini taratibu kama anayetafuta kiatu, kisha akalala. Lukasi alimshika shingo. Kimya. Akaanza sala, ikamkwama penye msamaha.

Saa 8:40. Barabarani, Korogwe imeachwa nyuma.

Sadala aliendesha. Nyuma, Lukasi alipakata taya. Meno kumi na saba. La nne lilikuwa jembamba, la mviringo, lenye mistari pande zote. Mnyama mwingine kabisa. La tisa halikuwa na shina. Akalamba kidole, akasugua "jiwe" lililoyashika. Likawa tope, jino likang'oka. Mchanga na gundi.

"Kaka?" Raheli akanong'ona. "Mengine yalikuwa yanacheza. Nikachagua lililoshika, nikalikata kwa msumeno. Nilitaka uone zuri."

Lile la asubuhi tu ndilo lililoota humo; mengine yalibandikwa.

Segera ilikuwa karibu. Mteja angegundua, na Raheli angelipa. Lukasi akavuta pumzi.

"Sadala. Limeungwa. Nilijua tangu asubuhi, nikanyamaza. Raheli hajui kitu."

Gari likaingia njia ya mkonge, likasimama.

"Asubuhi nilikuuliza, ukamtazama yeye," Sadala akasema. Bastola ilikuwa mkononi. "Shuka, Raheli."

"Ni mimi, nakwambia."

"Wewe nina kazi na wewe."

Lukasi alimng'ang'ania dada yake mkono. Raheli mwenyewe akambandua vidole, kimoja kimoja, akashuka.

"Niombee, kaka."

Lukasi akafumba macho. Hakupata hata neno la kwanza la sala. Mlio wa bastola ukaja kabla.

Sadala alirudi peke yake, akawasha gari.

"Hilo tope, lirudishie."

"Mteja ataona."

"Mteja hajui meno, fundi. Anangoja neno lako tu." Akatazama saa. "Ungenyamaza, tungekuwa watatu."

Gari likageuka. Lukasi akatema mate kiganjani, akachanganya mchanga, akaanza kuliweka jino la tisa mahali pake.