Mwanangu Aliwaambia Wakwe Zake Kwamba Nimerukwa na Akili

Taabu ilinianza mwaka wa 1970, nikiwa na miaka kumi na moja. Baba alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, nami nikatolewa darasa la tatu nikaenda kukata mkonge. Basi wasomaji wenzangu, mkiona maandishi yangu yanapinda, mjue masomo yangu yaliishia hapo. Sioni haya kusema. Mkonge ulinichoma mikono, nikaushinda. Njaa ilinipiga, nikaishinda.

Iliyonishinda ilinikuta nikiwa mzee wa miaka sitini na tano, na mali yangu, na heshima yangu, katika jiji la mbali ambalo wengi wenu hamtalifikia. Na aliyenipiga hakuwa adui... Ni damu yangu!

Majina ya wengine nimeyabadilisha. Langu nimeliacha, sina cha kuficha.

Kutoka kwa mkonge nilianza kununua mbuzi mmoja mmoja kule Marungu na Rukanga, nikiwaswaga kwa miguu mpaka Voi. Baadaye nikafungua bucha. Sikusaidiwa na mtu. Mungu alinipa mtoto mmoja tu, Nyambu, na nikaapa huyo atasoma mpaka shule ziishe. Akasoma bweni kule Bura, akafaulu, akapata ufadhili wa kwenda Brazil kusomea uinjinia. Siku ya kuondoka tulichinja dume. Mimi na mama yake, Mkamburi, tulisimama barabarani tukapunga mikono hata gari lilipokuwa halionekani tena.

Hakurudi. Alipata kazi huko, akaoa msichana wa huko, Luciana. Mkamburi wangu alipofariki, Nyambu alisema makaratasi yake yana shida, hawezi kutoka. Mazishi ya mama yake aliyatazama kwenye simu, binamu yake akiwa ameishikilia juu ya kaburi. Nilimeza. Lakini jambo kama hilo linamezeka kweli? Linakwama hapa kifuani kama mfupa.

Halafu siku moja akanipigia. Amepata mtoto wa kiume, na amempa jina langu. Mwadime!

Kwetu Wadawida mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babu yake. Na kuna jambo wazee walituachia, linaitwa kutasa. Mzee akiweka kinyongo na mwanawe, kinyongo hicho hakimwishii mwana. Kinaweza kumfikia mjukuu. Kwa hivyo mzee anatia maji ya miwa mdomoni, anapuliza nje, anatamka mbele ya watu lile linalomuuma, anapuliza tena, na anabariki. Likitoka limetoka. Mtoto anabaki salama.

Mimi ni Mkristo, kanisani nakaa benchi la mbele. Lakini nilikuwa na kinyongo, na sasa kulikuwa na mtoto anayebeba jina langu. Ningelala namna gani? Nilitaka nimwone, nikitoe kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwa simu haifai.

Rafiki yangu Otieno, mstaafu wa reli ambaye tunakunywa naye chai hapo bucha, alinicheka sana nilipomwambia naenda Brazil.

"Mwadime, hata Kiingereza cha Nairobi kinakushinda. Huko ukitaka choo utamuuliza nani?"

"Nitashika tumbo. Tumbo halina lugha."

"Haya bwana. Lakini usituletee mke wa Kibrazili, hapa hakuna nafasi!"

Bucha nzima ilicheka. Nami nilicheka. Sikujua kicheko hicho kitanikauka kwa muda gani.

São Paulo! Mimi nilidhani nimeona miji. Mombasa naijua, Nairobi naijua. Ndege ilipokuwa inashuka nilitazama nje nikaona majumba, majumba, majumba, mpaka macho yakachoka. Hakuna kilima cha kukuonyesha umetoka wapi. Nikajiuliza, watu wote hawa wanamzika mtu wao wapi?

Nyambu alinikumbatia uwanjani. Alikuwa amenenepa, na Kiswahili chake kilikuwa kimeanza kupata kutu. Luciana alinibusu mashavu yote mawili, nikaona haya. Mtoto nilimpakata usiku huo akanishika pua. Nitasema uongo? Nilifurahi mno.

Lakini asubuhi walitoka wote. Wao kazini, mtoto kwa walezi. Nikabaki ghorofani mimi na friji inayonguruma. Nikikaa, imenguruma. Nikisimama, imenguruma. Jioni wakirudi wamechoka, wanaongea lugha yao, wanacheka, Nyambu ananitafsiria nusu ya neno kisha anasahau... Umewahi kukaa mezani na watu wako ukajiona kama kiti?

Nikaanza kutembea. Nilishuka kwa lifti kila siku nikalizunguka jiji hilo kwa miguu yangu hii. Kuna barabara moja pana kama uwanja wa mpira, pande zote majengo ya vioo, na Jumapili wanafukuza magari ili watu watembee na mbwa wao. Mbwa wamevaa fulana! Kuna treni za chini ya ardhi, watu wanatoka shimoni kama siafu baada ya mvua. Na kando ya benki hizo za vioo nikakuta watu wamelala chini kwenye maboksi, na waliovaa tai wanawaruka tu. Nikasema kumbe hata huku.

Siku moja nilimwona mzee mweusi amekaa mbele ya duka la viatu. Wasomaji, sura yake ilikuwa ya Wundanyi kabisa! Ningeapa ni ukoo wetu. Nikamwendea nikamsalimia kwa Kidawida. Alinitazama, akatabasamu, akanijibu maneno mengi sana kwa lugha yake. Tukashikana mikono muda mrefu, hatuelewani. Kisha akaingia dukani kwake, nami nikaendelea na njia. Siku hiyo ndiyo nilijua niko mbali.

Faraja yangu ilikuwa soko. Mara moja kwa wiki walifunga barabara karibu na nyumba, wakaweka mihogo, nyanya, kabeji kama za Bura, na mwishoni mwanamke mzee mwenye sura ya Kijapani akikamua miwa kwa mashine. Miwa! Nilikunywa gilasi ya kwanza nikafumba macho. Mama huyo alinizoea. Akiniona anapiga mashine kofi, ananiangushia na barafu, nami namkatalia barafu kwa kidole, anacheka. Maongezi yetu yalikuwa hayo tu. Katika jiji zima ni yeye aliyekuwa ananingoja.

Sasa sikieni.

Jumapili moja wazazi wa Luciana walikuwa wanakuja kula. Nikaona hapo ndipo pazuri, kutasa kunataka mashahidi. Nilinunua chupa ya maji ya miwa, nikamwambia Nyambu mapema, "Jumapili nataka kumtasia mtoto. Mwelezee mkeo na wakwe zako, wasishtuke."

"Sawa, baba," akasema, macho yakiwa kwenye simu.

Tulipomaliza kula nilisimama. Nilikuwa nimevaa koti langu la kanisani. Nikachukua funda, nikapuliza upande wa dirisha, nikaanza kusema kwa lugha yetu. Nikamwambia Nyambu: hukuja kumzika mama yako, na hilo limenikaa kifuani mpaka leo. Leo nalitoa. Lisikuguse wewe, lisimguse huyu. Nyambu aliinamisha kichwa. Nikachukua funda lingine, nikamgeukia mtoto aliyekuwa mapajani mwa mama yake, nikapuliza.

Luciana alipiga yowe! Yowe la mtu aliyeona nyoka. Baba yake aliruka akanikamata koti kifuani, mama yake akamnyakua mtoto akakimbia naye bafuni kumwosha. Waliona mzee mgeni amemtemea mjukuu wao mate. Nyambu hakuwa amewaeleza kitu!

Sikuogopa. Nilimgeukia mwanangu. Maneno machache tu kutoka kwake, mambo yangetulia. Alikuwa anajua kila kitu, alitasiwa yeye mwenyewe akiwa mdogo, na babu yake wa kwa mama.

Nyambu alisema maneno machache kwa lugha ya huko. Kisha akaweka kidole kando ya kichwa chake, akakizungusha.

Baba yake Luciana aliniachilia. Uso wake ukalegea. Alinifuta koti kwa kitambaa, taratibu, akanipigapiga bega kama vile unavyompiga mtoto aliyejikojolea... Jamani! Heri angenipiga kofi.

Walipoondoka nilimuuliza.

"Umewaambia mimi ni mwendawazimu?"

"Si hivyo, baba. Nimesema uzee. Kusahau. Ningewaambia nini? Wangeelewa?"

"Ungewaambia huyu ni babangu, na hiyo ni baraka."

"Ni rahisi kusema hivyo ukiwa Voi."

Lakini uongo juu ya mzazi ni kama nguruwe, ukimfuga lazima umlishe. Luciana, kwa wema wake, alitaka nitibiwe. Nikapelekwa kwa daktari. Daktari kijana, mpole, akanipa karatasi nichore saa. Nyambu akatafsiri huku anaangalia dirisha. Mimi! Mtu aliyefungua bucha kabla jua halijatoka, miaka yote hiyo, nichore saa ndipo nijulikane nina akili? Nilikataa. Kukataa kukaandikwa kwamba ni ugonjwa. Nikapewa vidonge, nikawa navitia kwenye chungu cha maua.

Kisha ufunguo wangu ukachukuliwa. Akaletwa mama mmoja wa kunitembeza, ananishika mkono tukivuka barabara, ananifuta mdomo nikila. Hata sokoni sikwenda tena, maana wakwe walisema ule utamu ndio ulinichafua kichwa.

Nilivumilia mpaka siku mama yule alipokwenda chooni akaacha mlango wazi. Nilitoka. Nilitembea bila kuuliza njia, nikapita barabara pana, nikapita madaraja yenye magari chini na magari juu, mpaka nikafika stesheni kubwa ya treni ya zamani, ya matofali, yenye mnara wa saa. Nikakaa pale. Mvua ikanyesha, kubwa. Maelfu ya watu walinipita, hakuna aliyenitazama machoni. Nikamwita Mkamburi kwa sauti. Nikasema, mama Nyambu, wewe uliwahi kulala, ulifanya vizuri.

Askari wakanirudisha nyumbani. Na je, si hapo ndipo uongo ulipata ushahidi? Mzee amepotea, analia peke yake, anaongea na wafu!

Aliyeniokoa ni Luciana. Jioni ile alikaa karibu nami akashika simu inayotafsiri lugha, akaongea, na simu ikasema kwa Kiswahili kilichovunjika, "Kwa nini wewe tema mtoto?" Kumbe kwa muda wote hakuna aliyeniuliza mimi! Nikaieleza ile simu polepole. Kinyongo. Mazishi. Miwa. Baraka. Alisoma, akasoma tena. Akaniuliza, "Wewe si mgonjwa?" Nikamwambia, mimi si mgonjwa, binti yangu. Alilia akiwa ameufunika uso.

Walizozana chumbani sana. Nyambu alipotoka alisimama mbele yangu.

"Umenivunjia nyumba, baba."

"Mimi nimejibu nilichoulizwa."

"Ungekufa wewe akabaki mama, yeye angekuja hapa akakaa kimya."

Hilo ndilo neno nililorudi nalo nyumbani. Uwanjani nilisindikizwa na Luciana na mtoto. Nyambu alikuwa kazini.

Ni karibu mwaka mzima sasa, hajapiga simu. Nikipiga mimi, inalia mpaka inachoka. Luciana hupiga, ananionyesha mtoto, na mtoto ni mzima, anatembea. Kile kinyongo cha mazishi kilitoka siku ile, nawaambia kweli yangu. Lakini cha kile kidole bado kiko, na wa kumtamkia hataki kusikia.

Wazee wenzangu, nawasihi. Ukienda nyumba ya mwanao ugenini, usimwachie mwanao peke yake akusemee. Kaa na mwenye nyumba mwenyewe, hata kwa simu, hata kwa vidole, mwambie wewe ni nani kabla hujafungua mdomo kubariki. Mimi nilidhani damu itanisemea. Damu ilinyamaza!

Na nyinyi vijana mlio mbali... haya ya mezani inapita na sahani zinaoshwa. Mzazi uliyemuuza ili haya hiyo ipite, utamnunua wapi? Ukiwa na jambo la kusema kwa baba yako, sema angali anasikia. Ukikosea, piga simu. Hata bila maneno, piga tu.

Leo nina bucha moja hapa Voi. Nina vyumba vya kupangisha na kisima. Nina mbuzi Marungu, mpwa wangu anawaangalia. Nina shamba Rukanga na kaburi la mke wangu limejengewa vizuri. Nina pikipiki. Nina nyumba ya mawe yenye stima, na meza ya mvule yenye viti sita. Nakalia kimoja.