Uzi Mwekundu Ndani ya Zege

Asubuhi ya kwanza vigingi vilipokutwa vimeng'olewa, watu wa Bradu, mji mdogo wa wahamiaji kwenye nyanda za theluji, waliwasingizia swala. Vigingi arobaini na viwili, vilivyopigwa jana yake kuonyesha kuta za ukumbi zitapita wapi, vilikuwa vimelazwa pamoja katikati ya kiwanja kama kuni. Vilikuwa vimelowa, navyo vilinuka sufu mbichi. Vikapigwa tena. Asubuhi ya pili, vimelazwa. Ya tatu, vimelazwa, na safari hii vimepangwa kwa urefu, mfupi mbele, mrefu nyuma.

"Swala wa Saskatchewan siku hizi wanajua hesabu," alisema diwani Cernat, akicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Dorina, dada yangu, hata ardhi imeukataa ukumbi wako. Waachie mji jirani."

Dorina Toderian hakucheka. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ukumbi kwa miaka tisa, na ramani aliichora mwenyewe kwenye meza ya jikoni: uwanja wa kikapu hapa, barafu ya kutelezea pale, chumba cha wazee kuchezea karata, jiko la siku za harusi. Mahali pa kuchezea kiangazi na kipupwe, chini ya paa moja. Lakini msingi usipomwagwa kabla ardhi haijaganda, mradi ungehamishiwa mji jirani. Zilibaki siku sita.

Tena halikuwa jambo la ukumbi tu. Binti yake wa pekee, Ilinca, mwalimu wa shule ya pale, alikuwa ameitwa kazini katika jiji la Regina.

"Mama, miezi sita ya theluji tunatazamana na kuta," Ilinca alimwambia, akivaa kofia yake ya sufu yenye kifundo kikubwa utosini. "Ukumbi ukisimama, nabaki, nitawafundisha watoto kuteleza. Usiposimama, Januari naenda zangu. Na usininunie."

Dorina alikuwa mjane. Nyumba isiyo na sauti ya Ilinca aliiogopa kuliko kaburi.

Jioni ile Mzee Nicu, mwashi aliyejenga nusu ya Bradu, alikuja kula mamaliga, ugali wa mahindi wa kwao, jikoni kwake. Alikula nusu sahani, akaisukuma, akasema kwa sauti ya chini huku akitazama dirishani, "Ardhi ile haitaki vigingi, mwanangu. Inataka mtu."

"Mtu wa nini?"

"Wa kuilinda nyumba. Babu zetu kule Bukovina, kabla ya kuvuka bahari, walipima kivuli cha mtu kwa uzi, kutoka kisigino hadi utosi. Uzi ukazikwa kwenye msingi. Siku ya arobaini mwenye kivuli anakufa, na pepo wake anafungwa kulilinda jengo hadi siku litakapoanguka. Ila ukimpima usimtazame usoni, wala usigeuke nyuma mpaka uzi umezikwa."

"Wewe umewahi?"

Mzee alivaa koti lake. "Nimekupa ya wazee. Sijakutuma."

Dorina alilala akiwapitisha watu wa Bradu mmoja mmoja kichwani, kama anayechagua kuku wa kuchinja. Kulikuwa na mmoja tu ambaye asingemlilia.

Ijumaa saa kumi alasiri lori la zege lilikuwa linanguruma kando ya mtaro wa msingi. Cernat alisimama katikati ya kiwanja, jua mgongoni, akiwakejeli mafundi. Dorina akapiga magoti miguuni pake, uzi mwekundu kiganjani.

"Ala! Leo unanisujudia?"

"Natafuta kigingi," alijibu, macho chini.

Akaubana uzi kwenye kisigino, akaufuatisha kivuli juu ya theluji nyembamba, akitambaa, hatua tano, hatua kumi, kivuli hakiishi. Mwisho wake aliona kichwa, na juu ya kichwa kitu cha mviringo, kama kitunguu. Alikiona. Alikuwa na haraka. Akafunga fundo, akauangusha uzi mtaroni, na zege likaumeza.

Ndipo akageuka. Nyuma ya Cernat kulikuwa na lundo la udongo uliochimbwa, refu kama nyumba, na juu yake alisimama Ilinca na kofia yake, akipunga mkono. Jua la Oktoba lilikuwa limekilaza kivuli chake juu ya cha Cernat na kukipita, na kichwa kilichopimwa kilikuwa chake.

"Mama! Muda wote nakupungia, wewe unatambaa tu!"

Tangu siku ile hakuna kigingi kilichosogea. Kuta zilipanda upesi hadi mafundi wakaogopa kusifia. Ilinca naye alianza kuona baridi. Alivaa masweta matatu ndani ya nyumba, meno yakigongana, na siku ya thelathini alipita mbele ya taa ya jikoni, na ukuta nyuma yake ukabaki mweupe, bila kivuli.

Dorina alikimbilia kwa Mzee Nicu.

"Zimebaki siku kumi," mzee alinong'ona. "Vunja msingi."

"Niwaambie nini watu? Kwamba nilitaka kumuua Cernat?"

Mzee akamfungulia mlango. Dorina alirudi nyumbani, akachemsha supu, akamwambia mwanawe ni mafua.

Siku ya arobaini Ilinca alikufa mezani, kijiko mkononi. Cernat ndiye aliyelia kuliko wote kanisani.

Ukumbi ulifunguliwa Februari, na tangu siku ya kwanza watoto walikataa kusogelea ukuta wa mashariki, kwa maana ukuta ule ulitoa jasho wakati nje kumeganda, ukanuka sufu mbichi na sabuni ya machungwa ambayo Bradu nzima ilijua ni ya nani, na barafu ikiwa tupu kabisa, mchana kweupe, viatu vya kuteleza vilisikika vikizunguka, vikizunguka, vikifika kwenye ukuta ule na kusimama, kisha kucha zikianza kukwaruza zege kwa ndani, taratibu, kama za mtu aliyekwisha kuchoka lakini hana ruhusa ya kulala.

Wakamwita Padri Atanasie. Alikuja na maji ya baraka na shada la mrehani, akaweka sikio ukutani, akarudi nyuma uso umempauka.

"Ni mtoto wetu," alinong'ona. "Nikisoma sala, atakwenda kupumzika. Lakini ukuta utapasuka, na jengo litakwenda naye. Dorina, wewe ndiye mama. Sema."

Ukuta ukasema kabla yake, kwa sauti ndogo iliyojaa baridi. "Mama. Nifungulie. Nataka kwenda."

Padri aliinua mrehani. Dorina akamshika mkono, akautoa mrehani, akivibandua vidole vyake kimoja kimoja.

"Baba, watoto wanasubiri kucheza," alisema.

Tangu hapo, kila siku saa kumi, Dorina huleta kiti na sweta analofuma, akakaa kando ya ukuta wa mashariki na kusimulia habari za mji: nani kaolewa, nani kahama. Kucha hukwaruza muda wote. Zikizidi, yeye huinama, akaweka mdomo kwenye zege lenye jasho, na kumbembeleza mwanawe kwa upole.

"Si ulisema mwenyewe, ukumbi ukisimama unabaki?"