Sauti ya Pili Isikike

Kila jioni, baada ya chakula, mtu na mdogo wake waliosha vyombo pamoja. Dada mkubwa aliosha. Mdogo alisuuza na kupanga. Na wakiwa kazini, waliimba.

Mkubwa alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kilikuwa mbele ya nyumba, kikitazama barabara. Sauti yake ilikuwa ya juu, tena yenye nguvu. Akimwita mteja mmoja, waliitika watatu. Mdogo alikuwa muuguzi. Sauti yake ilikuwa ya chini na laini. Ilikaa chini ya sauti ya dada yake kama bitana ndani ya koti. Bitana haionekani, lakini koti bila bitana halikai vizuri.

Mama yao alikaa mlangoni mwa jikoni akisikiliza. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini masikio yalikuwa mazima. Wimbo alioupenda kuliko zote ni ule waliotunga wenyewe walipokuwa watoto. Ulimhusu kuku aliyekataa kuingia bandani. Ulikuwa wimbo wa kitoto wenye beti tatu tu, na mama hakuuchoka.

Kisha muuguzi akapata kazi katika hospitali ya ng'ambo. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Nyumba nzima ilifurahi. Lakini zilipobaki siku nne kabla ya safari, nyumba nzima ikanyamaza.

"Mimi sina ninalotaka," mama alisema Jumanne ile. "Uende salama, ufanye kazi, ndiyo dua yangu. Lakini niachieni ule wimbo wa kuku. Nikimkumbuka mwanangu niusikie."

"Hilo tu, mama?" fundi cherehani alisema. "Hilo dogo. Tunalimaliza sasa hivi."

Aliiweka simu yake kwenye rafu ya sahani ikirekodi, wakaimba wakiosha vyombo. Walipomaliza, akampa mama asikilize. Mama aliinamisha kichwa.

"Namsikia mkubwa," alisema. "Nasikia maji. Nasikia na masufuria. Mdogo yuko wapi?"

"Nipo, mama," muuguzi alicheka. "Dada amenifunika."

"Kosa si langu," fundi alijitetea. "Koo hili nilipewa."

"Wewe huendi popote," mama akamwambia. "Wewe nitakusikia kila siku, nipende nisipende. Namtaka huyu anayeondoka."

Fundi cherehani hakupenda kushindwa. Alikumbuka video moja ya mwimbaji akiwa studio. Nyuma yake kulikuwa na kompyuta iliyojaa mistari ya kila rangi. Asubuhi ya Jumatano alichukua kompyuta kuukuu ambayo mdogo wake aliitumia chuoni, akaenda nayo kwenye duka la simu.

"Nataka programu kama hii," alisema, akimwonyesha muuzaji ile video.

"Hiyo ni ya mafundi wakubwa," muuzaji alisema. "Ina kila kitu. Nina nakala yake kwenye flashi. Nitakuwekea."

Fundi alirudi nyumbani amejaa fahari. Aliifungua programu. Loo, vitufe vilikuwa vingi kama vifungo katika kopo lake la vifungo, na hakujua hata kimoja ni cha nini. Alibonyeza hiki, akabonyeza kile. Kompyuta ikaunguruma, ikapata moto, ikaganda. Akaizima na kuiwasha. Safari hii ikarekodi maneno mawili, ikaganda tena. Halafu vikaanza kufunguka vidirisha vya matangazo, kimoja juu ya kingine.

Muuguzi alirudi kutoka sokoni akamkuta dada yake anatokwa na jasho.

"Dada, vyeti vyangu vyote vimo humo," alisema taratibu.

Fundi aliondoa mikono kwenye kompyuta kama mtu aliyegusa pasi ya moto. Alitamani kulia. Siku nzima ilikuwa imepotea, na sasa amehatarisha hata safari ya mdogo wake.

"Mficha uchi hazai," mama alisema kutoka kwenye kiti chake. "Nenda kwa Masikio."

Masikio alikuwa jirani yao, fundi wa sauti kwenye kituo cha redio. Jina hilo alipewa na majirani. Siku moja alipita nje ya nyumba yao akawaambia kwamba bomba lao linavuja ndani ya ukuta. Walimcheka. Wiki moja baadaye ukuta ukalowa. Tangu hapo hakuna aliyemcheka tena.

Masikio alikuja Alhamisi asubuhi, kwa sababu zamu yake ilianza mchana. Alikuja na mfuko wake wa kazi. Alimsalimia mama, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba, akakaa mbele ya kompyuta. Jambo la kwanza, alinakili vyeti vya muuguzi kwenye flashi yake na kuvikagua. Vilikuwa salama. Kisha akaiondoa ile programu ya dukani, akatafuta virusi, akavifuta. Mikono yake haikuwa na haraka. Fundi cherehani alimtazama kwa heshima, kwa kuwa anayejua kazi humjua anayejua kazi.

"Programu yenyewe ni nzuri sana," Masikio alisema. "Sisi redioni tunaitumia. Ila nakala uliyopewa ni ya wizi. Nakala ya wizi huwezi kujua imeshonewa nini ndani. Tena hata ingekuwa halali, isingefaa hapa. Hebu nikuulize. Mteja akija na picha ya gauni kutoka gazetini, unafanyaje?"

"Nampima kwanza."

"Kwa nini? Si ana picha?"

"Gauni la picha lilikatwa kwa mwili wa mwingine," fundi alisema. "Hilo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza analijua."

"Na kompyuta hii uliipima?"

Fundi akaitazama ile kompyuta kuukuu. Mama akacheka mpaka akafuta machozi. "Kinyozi hajinyoi," alisema.

"Basi tupime," Masikio alisema. "Mnataka kufanya nini hasa?"

"Kuimba. Sauti mbili."

"Bila gitaa? Bila ngoma?"

"Bila chochote. Hata sahani mama hazitaki."

"Vizuri. Kwa hiyo hamhitaji programu yenye ngoma elfu moja. Mnahitaji mambo manne tu. Kila sauti iwe na mstari wake. Mnapoimba sauti ya pili, msikie ile ya kwanza. Muweze kupandisha sauti moja na kushusha nyingine. Na muweze kukata kikohozi na kelele za mwanzo na mwisho. Huo ndio urefu wa gauni lenu."

Kisha akafungua ukurasa unaoonyesha nguvu ya kompyuta. "Hii ni kuukuu, na kumbukumbu yake ni ndogo. Kila programu, kwenye tovuti yake, huandika inahitaji kompyuta ya nguvu gani. Soma hapo kabla hujaichukua, kama unavyosoma lebo ya kitambaa kabla ya kupiga pasi. Sasa kipimo cha mwisho. Nani ataitumia?"

"Mimi," fundi alisema.

"Na mimi ningetaka," muuguzi alisema. "Nikifika huko nitanunua kompyuta. Inawezekana?"

"Inawezekana sana. Basi tuchague inayoingia kwenye kompyuta za aina zote, na inayotoa faili linalofunguka popote."

"Za bure zipo?" mama aliuliza.

"Zipo, mama, na ni halali kabisa. Watengenezaji wenyewe wanazitoa bure. Hata nyingi za kulipia hukuruhusu uzijaribu kwanza. Muhimu ni kupakua kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, si kwenye flashi ya mtu."

Walijaribu mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, lakini ilirekodi mstari mmoja tu. Waliiacha. Ya pili ilikuwa nyepesi pia, na ilitimiza yote manne. Ilikuwa na kitufe cha kurekodi, cha kusimamisha, cha kusikiliza, na vingine vichache. Fundi aliitazama kwa masikitiko.

"Mbona imevaa kimaskini hivi?"

"Mkasi wako wa kukatia una maua?" Masikio alimuuliza.

Fundi akacheka, akakubali yaishe.

Masikio alipiga kofi moja jikoni. Kofi likarudi kutoka ukutani. Akaingia chumba cha kushonea, chenye majora ya vitambaa na magauni yanayoning'inia, akapiga kofi tena. Kofi halikurudi.

"Wenzako wanajenga studio ili wapate chumba kama hiki," alisema. "Vitambaa vinameza mwangwi. Zima feni, funga dirisha."

Alitoa mfukoni maikrofoni ndogo na hedifoni, akavichomeka kwenye kompyuta. Muuguzi akaimba kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayeondoka. Ubeti wa kwanza ulikwenda. Wa pili akapotea.

"Sijawahi kuimba peke yangu," alisema kwa aibu. "Bila dada sijui nilipo. Na mikono inatafuta sahani."

"Hapo ndipo mistari miwili inapofaa," Masikio alisema. "Dada aanze."

Fundi aliimba mstari wake. Alama ya sauti kwenye kompyuta ikaruka mpaka kwenye rangi nyekundu. "Rudi hatua moja," Masikio alimwambia. "Ikifika kwenye nyekundu sauti inapasuka, na iliyopasuka haishoneki." Fundi akarudi nyuma, akaanza upya.

Kisha muuguzi alivaa hedifoni. Dada yake alimpa kipande cha kitambaa laini akunje ili mikono ipate kazi. Muuguzi aliisikia sauti ya dada masikioni, akakunja, akaimba beti zote tatu bila kukosea. Masikio akashusha kidogo mstari wa fundi, akapandisha wa muuguzi. Akakata kikohozi cha mwanzo. Wakamwita mama.

Mama alisikiliza akiwa amefumba macho. "Huyu hapa," alisema. "Huyu hapa mwanangu."

Lakini aliyeshtuka zaidi alikuwa fundi cherehani. Kwa mara ya kwanza alimsikia mdogo wake vizuri. Katikati ya kila ubeti, pale yeye alipoishiwa pumzi, mdogo hakuvuta pumzi. Alishika neno, akalivuta, akamngoja. Fundi aliporudi, ndipo mdogo alipopumzika. Ilikuwa hivyo ubeti wa kwanza, wa pili, na wa tatu.

"Unanishikia wimbo," alisema.

"Tangu utotoni," muuguzi alijibu. "Ulikuwa unapenda kuanza kwa nguvu."

Fundi aligeuka akajifanya anapanga magauni. Miaka yote alijiona yeye ndiye mwenye sauti. Siku hiyo alimheshimu mdogo wake kama anavyomheshimu fundi aliyemzidi. Masikio aliwaonyesha jinsi ya kuhifadhi kazi, na kuiweka kwenye flashi mbili tofauti. "Nakala moja si nakala," alisema, akaenda kazini.

Jumamosi muuguzi aliondoka. Jioni ile fundi aliosha vyombo peke yake. Alianza wimbo wa kuku kama kawaida. Katikati ya ubeti wa kwanza pumzi ikamwishia, na hakukuwa na wa kushika neno. Wimbo ukakatika. Mama akanyoosha mkono kwenye simu ya fundi. Akabonyeza wimbo wao, waliouhamishia humo kutoka kwenye kompyuta.

Mwezi wa pili tangu aondoke, likaja faili kutoka kwa muuguzi. Alikuwa amepakua programu ileile, akajifungia kabatini kati ya sare zake, akaimba huku akizikunja. "Nimetunga ubeti wa nne," aliandika. "Kuku amekubali kuingia bandani. Ongeza mstari wako."

Fundi alifungua kompyuta mbele ya mama. Sasa hakumwita mtu. Alizima feni, akafunga dirisha, akavaa hedifoni, akarudi hatua moja nyuma, akaimba. Pumzi ilipomwishia, mdogo wake alikuwepo, ameshika neno, anamngoja. Akahifadhi kazi, akaitia kwenye flashi mbili, akamsikilizisha mama.

"Ni nzuri," mama alisema. "Lakini mkubwa bado anapiga kelele. Mshushe."

Fundi cherehani akanyoosha mkono, akajishusha mwenyewe.