Msumeno Ulioegemea Mkuyu

Jumatatu asubuhi Gatimu alifungua stoo akakuta msumeno wake umelowa maziwa.

Hayakuwa mafuta. Mafuta ya mnyororo aliyajua kwa rangi na kwa harufu, na isitoshe msumeno ule haukuwa umenguruma tangu Alhamisi. Yalikuwa meupe, mazito, yakidondoka polepole kutoka kwenye meno hadi sakafuni, na stoo nzima ilinuka mti mbichi uliokatwa sasa hivi.

"Wacera! Nani amemwaga maziwa huku?"

Mkewe alijibu kutoka jikoni, ng'ambo ya ua, bila kujisumbua kuinuka. "Maziwa gani, na ng'ombe uliuza ndio ununue hiyo kitu?"

Ng'ombe wawili walikuwa wamekwenda kweli. Ulikuwa mwaka ule kahawa ilipopanda bei hata watu wa kijiji chao cha Gakindu wakang'oa migomba ya mama zao ili wapate pa kupanda miche, na Gatimu akajiona mtu wa kuona mbali: kila mmoja angetaka miti iangushwe. Akaenda hadi karibu na Nyeri kwa mwenye kiwanda cha mbao aliyekuwa akifunga kazi, akarudi na pawaso kubwa, msumeno wa injini wa wapasuaji wa kweli, upanga wake unaozungukwa na mnyororo ukimfika kifuani.

Na kwa kuwa alikuwa mjuaji, hakuuacha msumeno jinsi ulivyotengenezwa. Alitoboa ekzosi ili mngurumo wake usikike mpaka sokoni. Akachukua tupa akasaga vile vizuizi vidogo vilivyo mbele ya kila jino, ambavyo kazi yake ni kuuzuia mnyororo usiume kupita kiasi. Halafu akafungua kinga ya mbele, ile ambayo msumeno ukiruka humgonga mtu mkononi na kuufunga mnyororo papo hapo. Ilikuwa inamsumbua, ati. Wacera aliiokota akaiweka kwenye mkebe wa misumari. Alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza, na hakutaka kumleta mtoto duniani kwa baba wa mkono mmoja.

Alhamisi iliyopita Gatimu alikuwa ameangusha mkuyu kwenye shamba la jirani yao Nderitu. Ulikuwa mti mkubwa uliosimama peke yake. Wazee walipofyeka mlima ule zamani waliuacha huo mmoja tu, na hakuna aliyeuliza sababu. Gatimu alikuwa na Mbuvi, Mkamba mwenye mabega mapana aliyemsaidia kupiga kabari na kuvuta kamba. Ilipofika saa ya chakula, Gatimu aliuegemeza msumeno kwenye shina la mkuyu, akaketi kula githeri yake ya mahindi na maharagwe.

Ndipo akapita Watiri, bibi kizee anayeuza ugoro sokoni. Alisimama kama aliyekanyaga mwiba.

"Wewe! Toa hiyo chuma hapo! Usiegemeze kitu kwa huo mti!"

"Cucu, enda uuze tumbaku yako."

"Nimesema toa!"

Gatimu alicheka mahindi yakiwa mdomoni. Aliuacha msumeno pale pale mpaka akalamba kijiko, makusudi, ili bibi ajue nani fundi. Saa nane mkuyu ulikuwa chini, na utomvu wake mweupe ulikuwa umemrukia Mbuvi usoni.

Sasa, Jumatatu hiyo, aliyapangusa yale maziwa kwa kitambaa, akabeba msumeno wake, yeye na Mbuvi wakaenda kukata miti ya miwati ng'ambo ya mto. Aliuweka chini, akakanyaga mpini wa nyuma kama inavyotakiwa, na hilo peke yake nampa, hakuwa mzembe wa kuwasha. Lakini kabla hajashika kamba ya kuwashia, msumeno ukanguruma wenyewe.

Alidhani ni bahati. Akauinua, akaugusisha kwenye mti wa kwanza, na hapo akasikia ndani ya ule mngurumo sauti za watu, nyingi, za wanaume na wanawake, wakinung'unika kwa pamoja kama walionyimwa kitu, na alipobonyeza swichi kuuzima haukuzimika, akabonyeza tena, na badala ya kuzimika upanga ukajivuta kutoka kwenye mti, ukainuka na mikono yake yote miwili ikiukandamiza chini, ukageuka kumwelekea Mbuvi aliyekuwa amepiga goti na nyundo yake, ukamchana koti begani pamoja na ngozi. Kisha ukanyamaza.

Mbuvi alishika bega. Damu ilipita kati ya vidole vyake. "Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "hiyo swichi ulizima?"

"Nilizima."

"Basi mimi nimeenda. Nimefanya kazi Mombasa miaka nne, najua jini. Na ile kinga ya kuishika ulitoa mwenyewe."

"Mwoga wewe!"

"Ndiyo. Mwoga na niko na mikono yote mbili." Siku hiyo hiyo alikwenda Nyeri kwa ndugu yake polisi, hakurudi tena.

Gatimu aliuweka msumeno juu ya meza ya stoo, upanga ukielekea ukutani. Alipotoka kunywa chai akaukuta umegeuka, ncha ikielekea mlangoni, na mlango ule ulitazamana na wa jikoni. Akaugeuza. Jumanne ukawa umegeuka tena. Akaufunga kamba. Jumatano mchana, jua likiwa kali kabisa, Wacera alikuwa mlangoni mwa jikoni akichagua maharagwe, akasikia harufu ya mti mbichi, akainua macho akaona mlango wa stoo uko wazi na msumeno hauko mezani tena bali sakafuni, kamba imekatika, upanga umelala juu ya kizingiti kumwelekea yeye, injini iko kimya na mnyororo unazunguka polepole, jino moja, kisha jingine, tik, tik, na kila jino lilipogonga mtoto aliruka tumboni mwake, sawasawa, kama anayeitwa na kuitika.

"Gatimu," alinong'ona, "inaniangalia. Hapana, si mimi. Inaangalia mtoto."

Gatimu alimpeleka mkewe kwa jirani, akakimbia sokoni mbio za mtu asiye na haya. Watiri alikuwa akipima ugoro. Hakumtazama.

"Cucu, nisaidie. Ni jini."

"Majini ni ya pwani. Hao ni wenyeji wa hapa." Alifunga mkebe wake polepole. "Walikuwa kwa miti yote ya huu mlima. Miti ikikatwa, wanahamia kwa huo mmoja umeachwa. Ukitaka kuangusha hata huo, unaegemeza fimbo, upande huu kwa mti wa zamani, upande ule kwa mti mpya, wanavuka. Wewe uliwaegemezea chuma. Unajua chuma ni baridi namna gani?"

"Sasa wanataka nini?"

"Kitu iko hai. Inakua. Kwako kuna nini inakua?"

Gatimu akashika meza ya ugoro.

"Kuna mti wa muringa, mkubwa, pale mtoni," Watiri alisema. "Egemeza hiyo chuma hapo, halafu toa mkono. Wakivuka, mtu asiishike. Ikianguka, wacha ianguke. Umesikia, kichwa ngumu? Na usiseme nilikuambia. Mimi niko na ushirika kanisani."

Hata hivyo bibi alikwenda naye, akasimama mbali, ameziba mdomo kwa kitambaa. Ukingo wa mto ulikuwa na mteremko. Gatimu aliigusisha ncha ya upanga kwenye gome la muringa, akatoa mikono, akarudi nyuma hatua mbili. Maji yaliendelea kupita lakini hakuyasikia. Alisikia zile sauti, safari hii karibu na masikio yake, na akaona maziwa yakitoka kwenye mnyororo na kupanda juu ya gome, juu, siyo chini, na majani ya muringa yakaanza kutetemeka ingawa hapakuwa na upepo, na udongo chini ya msumeno ukalegea, na msumeno ukaanza kuteleza, kwanza kidogo, kisha wote, kuelekea mawe ya mtoni.

Hakufikiri. Aliona ng'ombe wake wawili wakipasuka juu ya mawe. Akaruka akaudaka.

"Wacha!" Watiri alipiga kelele.

Aliuacha, akaulaza nyasini. Ulikuwa mkavu. Majani yalitulia, na mto ukasikika tena.

"Wamevuka," alisema akihema.

Watiri hakuutazama mti. Alimtazama yeye. "Ulishika."

"Kidogo tu, cucu."

Bibi aliokota kikapu chake, akapanda kilima karibu mbio, bila kwaheri.

Alhamisi asubuhi msumeno ulikuwa mezani, umeelekea ukutani vilevile alivyouacha. Gatimu alifurahi hata akapiga mluzi. Akamrudisha Wacera nyumbani, akamwomba ule mkebe wa misumari.

"Unarudisha kinga?" Wacera alicheka, mara ya kwanza wiki hiyo. "Sasa umepata akili." Akaenda jikoni kukoroga uji.

Gatimu aliketi kwenye kigoda, uso ukutani, akaanza kukaza skrubu. Bisibisi iliteleza ikamchana kiganja. Akangoja damu. Yaliyotoka yalikuwa meupe, mazito, na yalinuka mti mbichi.

Alifumba ngumi. Alipoinua macho hakuona ukuta. Aliona ua, na mlango wa jikoni. Kigoda hakikuwa kimesogea. Ni yeye aliyegeuka. Akajigeuza kwa kushika meza, na magoti yake yakarudi kule kule taratibu. Jikoni Wacera alikuwa akimwimbia mtoto.

"Wacera," aliita. "Funga mlango."

"Na huu moshi?"

"Funga. Weka komeo."

"Gatimu, kuna nini?"

Alimpenda mwanamke yule kuliko kila kitu alichowahi kununua, na hakuwa amemwambia hata siku moja. "Usinifungulie," alisema. "Hata nikikuita kwa jina. Hata nikilia. Usinifungulie."

Alisikia komeo likiingia. Akaishika meza kwa mikono yote miwili, na miguu yake ikaanza kutembea.